Msiishie Kalenga, mfike na Mlambalasi

Dada Mwalimu, ugonile!

Huku wazima, baridi ya Iringa imeshaanza kuuma, mama anakusalimia, na Mama Neema kajifungua salama, mtoto wa kiume, hayo tutaongea kwenye simu. Leo nakuandikia haraka kwa ajili ya ile ratiba ya ziara ya wanafunzi uliyonitumia wasap. Nimeisoma na kuirudia: makumbusho ya Kalenga lisaa limoja, halafu moja kwa moja hifadhi ya Ruaha kuangalia tembo. Mlambalasi, kwenye kaburi la Mkwawa, haimo kabisa! Dada nakuomba sana, msiishie Kalenga.

Unajua watakachokiona pale, fuvu la Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya kioo, na nje makaburi ya mwanae Sapi na mjukuu wake Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Napapenda mno Kalenga. Ila pale kuna kichwa tu, mwili uko Mlambalasi, barabara ileile ya Ruaha, mnaendelea mbele kisha mnachepuka. Wajerumani waliivunja ngome yake kwa mizinga Oktoba 1894 wakadhani wamemaliza kazi, kumbe mzee akaingia porini akawasumbua karibu miaka minne, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, na bado akawa anawaponyoka. Tarehe 19 Julai 1898 akaona wamemfikia, akajipiga risasi mwenyewe kuliko kukamatwa. Walimkuta ameshakufa, wakakata kichwa wakaondoka nacho, mwili ukazikwa hukohuko kwenye mawe. Sasa fikiria mtoto wa kidato cha pili asubuhi kaliona fuvu kwa macho yake, mchana anasimama kwenye kaburi la mwili wenyewe, katikati ya majabali, hakuna kioo wala nini. Hilo hata ufundishe muhula mzima darasani hulipati.

Na safari ya lile fuvu uwasimulie vizuri njiani. Mkataba wa Versailles wa 1919, mkataba mzima wa kumaliza vita kuu ya dunia, una ibara ya 246 inayowaambia Wajerumani warudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita! Lilikuja kurudi 1954, Twining, gavana wa Waingereza hapa Tanganyika, akalifuata mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen ndo likakabidhiwa Kalenga. Kila nikifika pale huwa nawaza wale wazee waliosubiri miaka yote hiyo wakafa hawajaliona, inaniuma kweli.

Lugalo, pale palipopiganwa na Wajerumani, najua iko upande wa pili, ninyi mnatokea Mbeya kwahiyo inabidi mpitilize Ipogolo mwelekee Ilula, lakini kama dereva ni mwelewa mwombeni. Mabasi ya Dar yanapita pale kila siku na abiria wamelala fofofo. Ndo palepale tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilipouvamia msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule watu walimwita Nyundo, likamuua na kikosi chake karibu chote, na silaha kubwa ya Wahehe ilikuwa mikuki. Ule mnara wa pale Lugalo Wajerumani waliwajengea watu wao waliokufa. Waulize wanafunzi wako, walioshinda wamejengewa nini? Mimi ningependa sana kusikia majibu yao.

Iringa Boma mjini nayo ni nzuri, jengo la Wajerumani la 1914, ila hiyo mnaweza kupita jioni kwa miguu haina shida.

Halafu mwakani mje na mpango wa Songea, kwa Makambako na Njombe kunafikika. Makumbusho ya vita vya Majimaji, kaburi la pamoja la walionyongwa na Wajerumani 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano, yule kiongozi wa Wangoni, ana kaburi lake peke yake. Yeye naye inasemekana kichwa kilipelekwa Ujerumani, na mpaka Rais Steinmeier wa Ujerumani amekuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha, familia bado inalidai fuvu. Ndo maana nang'ang'ania Mlambalasi dada, mtoto akishaelewa ya Mkwawa, ya Songea hahitaji kuelezwa mara mbili, yaani atauliza mwenyewe...

Sasa niambie, mko wangapi? Mkuu wa shule anaweza kukubali mlale Iringa siku moja zaidi, au niongee naye mimi? Basi mmepata la nani, la yule kaka wa Mafinga? Mnahitaji mwenyeji wa kuwapeleka Mlambalasi, maana niko tayari kuomba ruhusa kazini nije nanyi? Na chakula cha watoto, mnapika au mnanunua? Nijibu kabla ya Ijumaa nianze kuulizia malazi, na mchele wa Kyela kilo kumi mama kaagiza, hela nakutumia kesho.

Wako,
mdogo wako wa Kihesa