Barua ya Wazi kwa Naibu Chansela: Hataza Kwanza, Makala Baadaye

Profesa,

Salamu. Nafundisha fizikia katika chuo unachokiongoza, mwaka wa kumi na moja sasa. Jina la chuo sitalitaja; wewe walijua, na wenzangu wa vyuo vingine watajiona humu humu.

Mwaka juzi nilitengeneza kipima unyevu wa mahindi. Si ajabu kubwa: vibati viwili, punje katikati, na chaji inayobadilika kadiri maji yanavyozidi. Mkulima anataka kujua kama mahindi yameshuka hadi asilimia 13.5 kabla ya kuyatia ghalani, yasije yakaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Wengi hutia punje na chumvi kavu kwenye chupa, wakatikisa, wakatazama kama chumvi imeganda kwenye kioo. Chumvi hukwambia ni mabichi au makavu. Kiasi gani, haikwambii.

Nilipotaka kuombea kifaa hicho hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kamati ya idara ilinishauri nichapishe kwanza, kwa kuwa makala ndiyo huhesabiwa mtu anapopandishwa cheo. Nikachapisha. Alama nikapata, na mlango wa hataza Ulaya ukafungwa siku hiyo hiyo, maana kule kilichokwisha kutangazwa si kipya tena. Baadaye nikaomba siku mbili kwa wiki nianzishe kampuni. Nikaulizwa kama nilikuja kufundisha au kufungua duka.

Hapo ndipo ninapomleta Richard Friend, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1989 Jeremy Burroughes, mtafiti aliyefanya kazi chini yake pale Cavendish, maabara ya fizikia ya chuo hicho, aliona plastiki iliyopitishiwa umeme ikitoa mwanga wa kijani-manjano. Maombi ya hataza yaliwasilishwa Aprili mwaka huo huo. Makala katika jarida la Nature ilitoka Oktoba 1990. Hesabu miezi mwenyewe, Profesa: 18. Na makala haikuchacha kwa kungoja. Imenukuliwa maelfu ya mara.

Mwaka 1992 ugunduzi huo ukazaa kampuni, Cambridge Display Technology, Friend akiwa miongoni mwa waanzilishi. Miaka 3 baadaye chuo kikampa mwenye duka huyo kiti cha Profesa wa Cavendish, alichowahi kukikalia Maxwell na baadaye Rutherford, vigogo wa fizikia, naye akakaa nacho hadi 2020. Akiwa kitini alianzisha kampuni nyingine, ikiwemo Plastic Logic mwaka 2000, pamoja na Henning Sirringhaus. Sisemi kila kitu kilifaulu. Januari 2010 Plastic Logic ilionyesha kifaa chake cha kusomea, Que; kufika Agosti ilikuwa imekifuta. Friend hakunyang'anywa kiti.

Mwaka huo huo 2010 akawa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Eight19. Jina ni la dakika 8 na sekunde 19, muda ambao mwanga wa jua husafiri hadi duniani. Hiyo ndiyo iliyoleta Kenya, mwaka 2011, sola ya kulipia kidogo kidogo iitwayo IndiGo, kazi iliyokuja kuwa kampuni ya Azuri. Shangazi yangu alikuwa nayo. Alikwangua kadi kwa sarafu, akatuma nambari kwa SMS, kisha zile zilizorudi akaziingiza moja moja kwenye kisanduku huku akizitamka kwa sauti, kama anayehesabu vifaranga. Taa ikawaka. Koroboi ilikuwa pale pale juu ya kabati. Sikujua wakati ule kwamba nyuma ya kisanduku kile yumo mwalimu wa fizikia.

Senati inakutana mwezi ujao. Naomba jambo moja liingie kwenye ajenda: maombi ya hataza yaliyowasilishwa yahesabiwe katika kupanda cheo kama makala inavyohesabiwa. Zile siku mbili za wiki tutazizungumza baadaye.

Kuna mwanafunzi wa uzamili maabarani kwangu ambaye kifaa chake kinafanya kazi kuliko changu. Tayari ameandika muhtasari wa kupeleka kwenye kongamano. Nimemwambia asiutume mpaka nipate jibu lako. Mwisho wa kuupokea ni tarehe 30.

Wako,
Mhadhiri, Idara ya Fizikia