Barua kwa Mwanangu: Shusha Kichwa Majini

Jinja

Mwanangu mpenzi Zaituni,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, na bibi yako bado anauliza kila asubuhi shule itafungwa lini. Jumamosi ile nilipokuja Kampala kukutazama ukiogelea, nilinyamaza kwa kuwa sikutaka kumwingilia mwalimu wako mbele ya wanafunzi wake, lakini nilikuhesabia kimyakimya: ulipiga mikono 29 kumaliza bwawa la mita 25, na ulipogusa ukuta ulikuwa ukihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo.

Kosa hilo ni langu. Mimi ndiye niliyekufundisha kuogelea, na sisi tuliokulia kando ya Ziwa Viktoria huogelea kichwa juu, kwa maana ziwani ni lazima uone mtumbwi unaokuja na gugu-maji linaloelea mbele yako. Bwawani hakuna mtumbwi. (Na ziwani kwenyewe usirudi, maana konokono wa kichocho wangali pale pale ufukweni.)

Mapafu yaliyojaa hewa ni boya lililofungwa kifuani, ilhali miguu haina boya. Kwa hiyo ukiinua kichwa nyonga huzama, na zikishazama unaukokota mwili wote kwa mshazari huku maji yakikuzuia mapajani. Ndiyo sababu ulipiga miguu kwa nguvu zote usisogee: mateke yale yalikuwa ya kuinua miguu, si ya kukupeleka mbele. Tazama sakafu ya bwawa, shingo ikiwa imelegea, nawe utaona miguu ikipanda yenyewe.

Najua kwamba unainua kichwa kwa kutafuta hewa, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Nilikuona ukibana pumzi uso ukiwa majini, kisha unapogeuka unataka kuitoa na kuvuta nyingine katika muda usiotosha hata moja kati ya hayo. Ule mkazo wa kifua unaokutia hofu husababishwa zaidi na kabonidioksidi uliyoifungia ndani kuliko na upungufu wa oksijeni. Basi toa pumzi polepole ukiwa bado majini, viputo visikatike, ili ukigeuka ubaki na kazi moja tu ya kuvuta. Wala usigeuze shingo peke yake. Mwili ubiringike pamoja na nyonga, na jicho moja la miwani libaki ndani ya maji. Kichwa kinapokwenda mbele husukuma wimbi dogo, na kando ya shavu huacha kijibonde ambamo mdomo hupata hewa bila kuinuliwa.

Kwa kuwa nakujua, utaniambia kwamba yule Mmarekani Johnny Weissmuller aliogelea kichwa juu, na mwaka 1922 akawa mtu wa kwanza kumaliza mita 100 za mtindo huru chini ya dakika moja, kwa sekunde 58.6. Ni kweli, lakini alikuwa na nguvu ambazo mimi na wewe hatuna, na mwaka 2024 kule Paris, Mchina Pan Zhanle aliogelea umbali huo huo kwa sekunde 46.40 uso ukiwa chini.

Mikono yako si mibaya, ila kiganja cha kulia kinaingia upande wa kushoto wa kichwa, nao mwili unapinda kama nyoka. Kiingie mbele ya bega lake, kisha uache kiwiko juu na kuelekeza vidole chini, ili kigasha kizima kiyashike maji kama kafi. Miguu ipigwe kutoka nyongani, vifundo vikiwa vimelegea. Hilo halihitaji maneno mengi.

Kwa majuma mawili, mwombe mwalimu akuruhusu kuanza mazoezi kwa kusukuma ukuta na kuteleza uso chini bila kupiga mkono, hadi mwendo uishe, ndipo uogelee ukihesabu mikono. Usipunguze idadi kwa kuuacha mkono mbele ukisubiri, kwa sababu kasi ikishapotea utatumia nguvu upya kuirudisha. Ukifika 25 au 24 nitaridhika, lakini uniandikie na sekunde pia, kwani idadi peke yake hudanganya.

Mama yako amekutumia kofia ya kuogelea, ile kubwa inayoenea misuko yako.

Ni mimi baba yako.