Kupima mawimbi ya mkanda mpana ndani ya nyumba za mawe

Lamu

Ndugu yangu Athman,

Assalaam aleikum. Umeuliza kama tarakimu za modeli za maofisini, zile za kukadiria mawimbi ya redio yanavyosambaa na kurudi ndani ya chumba, zinafaa kutumika kwenye nyumba za mawe za huku Amu. Hazifai. Zilitokana na vyumba vya kuta nyembamba, na ukuta wa matumbawe na chokaa mara nyingi unafika nusu mita.

Weka analaiza (mashine inayotuma na kupokea mawimbi, ikipima nukta moja ya masafa baada ya nyingine) ipitie masafa ya GHz 3.1 hadi 10.6 kwa nukta 1,601. Upana huo unakuwezesha kutenganisha miangwi iliyopishana kwa nanosekunde 0.13, yaani sentimita 4 za njia. Pengo baina ya nukta ni MHz 4.69, kwa hivyo mwangwi uliochelewa kupita nanosekunde 213 (njia ya mita 64) utajikunja na kutokea mwanzoni kama vile ni wa karibu. Vyumba vyetu vyembamba havina tatizo hilo. Kwenye ukumbi mkubwa wa mabati huko Malindi, tia nukta 3,201.

Mashine iache iwake nusu saa ndipo uisawazishe, tena kwenye ncha za kebo. Baada ya hapo kebo zisikunjwe ovyo: kwenye GHz 10 wimbi lina urefu wa sentimita 3 tu, na mkunjo mdogo hubadilisha fezi, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake. Viungio vikaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na uvifute kwa spiriti, maana chumvi ya bahari haina huruma. Umeme ukikatika, subiri mashine ipate moto, usawazishe upya.

Na zima pangaboi! Wengi hulisahau. Ukitumia kichujio cha mashine cha kHz 1, mpito mmoja wa nukta zote unachukua karibu sekunde mbili. Mapanga yakizunguka muda huo yanavuruga fezi, ukaona miangwi isiyokuwepo. Rauta ya Wi-Fi ya GHz 5 nayo izimwe, na watu watoke chumbani.

Kila kituo cha kupimia, sogeza antena ya kupokea kwenye gridi ya 7 kwa 7, pengo sentimita 5, upate vipimo 49 vya kufanyia wastani. Antena zenyewe zipime kwanza uwanjani zikitazamana kwa mita 1, uondoe mchango wao. Usipofanya hivyo utaisingizia nyumba tabia za antena.

Ukuta ndio wa kuangaliwa zaidi. Weka antena huku na huku ya ukuta, kisha pima umbali ule ule mahali pasipo ukuta, na ulinganishe mawimbi yanapoanza kufika. Linganisha mwanzo wa mpando badala ya kilele, kwa sababu masafa ya juu hufifia zaidi ndani ya jiwe na kilele hutanuka. Tuseme jiwe lina permitiviti (kipimo cha jinsi kitu kinavyopunguza kasi ya wimbi) ya 4: kasi inapungua nusu, na sentimita 50 zinaongeza ucheleweshaji wa nanosekunde 1.7. Kifaa cha kupima umbali kitasema mtu yuko nusu mita mbali kuliko alipo. Hiyo 4 ni ya mfano tu. Ukuta uliokunywa maji ya mvua una yake.

Kwa modeli, anza na ya watafiti Saleh na Valenzuela ya 1987, ambayo miangwi hufika kwa makundi. Chora wastani wa nguvu kwa desibeli dhidi ya muda, na upitishe mstari ndani ya kila kundi. Gawanya 4.34 kwa mteremko wake wa desibeli kwa nanosekunde, utapata muda wa kufifia wa kundi hilo. Chumba chenye zidaka na dari ya boriti hutawanya mawimbi kila upande, kwa hivyo tarajia mipaka ya makundi iwe hafifu. Usilazimishe makundi matano pale ambapo mawili yanatosha. Wala usitie nyumba ya mawe na ya matofali ya saruji katika wastani mmoja: utapata nyumba ambayo haipo popote.

Ukija, lete kebo za mita 5, si zaidi. Ndefu zinapoteza nguvu mno kwenye masafa ya juu, na amplifaya ya hapa haitoshi kufidia.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Bakari