Rangi za mabaka ya ndege ya modeli msizipime kwa picha ya simu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu vijana wanaounga ndege za modeli nimeisoma mara mbili, na nimefurahi kweli maana sisi wa hobi hii magazetini hatuonekani kabisa. Ila kuna sehemu imenikaa kooni. Mmesema rangi za mabaka ya ndege ya kivita, yale ya kuificha isionekane na adui, ni rahisi kupata, unachukua picha mtandaoni unampelekea mtu wa kuchanganya rangi anaifananisha, basi. Hapana jamani, mi ndo hivyo hivyo nilivyoharibu ndege yangu ya kwanza, na sitaki mtoto wa mtu aharibu ya kwake, hizi seti tunaagiza nje na ushuru tunalipa.

Yangu ilikuwa F-4C Phantom ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, zile za Wamarekani zilizokuwa zinaruka kutoka Ubon, Thailand, wakati wa vita vya Vietnam. Juu ina kijani iliyokolea, kijani ya kati na kahawia ya mchanga, chini kijivu iliyopauka karibu na nyeupe. Nikaenda duka moja la rangi za magari jioni, kijana akachanganya chini ya ile taa nyeupe ya kuumiza macho, tukaweka simu pembeni ya kopo tukaona imelingana kabisa, nikarudi nyumbani nikaipiga usiku huohuo. Asubuhi saa nne naitoa barazani, jua limeshawaka, kijani ya kati imekuwa jani la mgomba na kahawia inavuta kwenye pinki. Nilikaa chini aisee.

Kumbe rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa hii zikaachana chini ya nyingine, kwa sababu unga wa rangi uliozitengeneza ni tofauti na kila unga unarudisha mwanga kivyake. Halafu simu nayo kila moja ina kioo chake, ukipandisha mwanga tu kijani imebadilika, na picha zenyewe ni za filamu za miaka ya 1960, nyingi zimeshavuta wekundu kwa uzee. Sasa hapo unafananisha nini na nini?

Cha kushika ni namba. Marekani wana mfumo tangu 1956 unaitwa Federal Standard 595, kila rangi ina tarakimu tano, ya kwanza inaonyesha mng'ao (3 maana yake haing'ai), ya pili ndo ukoo wa rangi, 0 kahawia, 4 kijani, 6 kijivu. Mwaka 2017 mfumo ukaitwa AMS-STD-595 lakini namba zikabaki zilezile. Kwa Phantom yangu kijani iliyokolea ni 34079, ya kati 34102, kahawia 30219, kijivu ya chini 36622. Kwa makopo ya Humbrol, kampuni ya rangi za modeli, ni 116, 117, 118 na 28. Hata kama hela ya makopo yote manne haipo, agiza hata moja tu liwe la kupimia, mengine changanya mwenyewe.

Na kupima kwenyewe mi natumia vijiko vya plastiki vyeupe. Nakipiga msasa kidogo, napaka undakoti, napaka rangi, nakiacha hadi kesho yake maana rangi mbichi inadanganya, halafu napitisha vanishi ileile nitakayomalizia nayo kwenye ndege, kwa sababu vanishi ya kung'aa inakoleza rangi na ile isiyong'aa inaipausha. Ndo natoka nacho nje kivulini, mchana, sio taa ya ndani. Vijiko ninavyo boksi zima, kila kimoja nimekiandika mchanganyiko wake nyuma kwa peni.

Kuna na hili la ukubwa. Modeli ya 1/72 ukiitazama kwa sentimita 30 ni kama unaitazama ndege halisi ukiwa mita 21 na zaidi, na kitu cha mbali huwa kinapauka. Ndo maana 34079 ikitoka kopoani moja kwa moja, kwenye kandege kadogo vile inaonekana karibu nyeusi. Mi naongeza matone machache ya ile kahawia, sio nyeupe, nyeupe inaifanya ionekane kama imepakwa chokaa. Na ndege za Ubon zilikuwa zinalala nje kwenye jua na mvua, kwa hiyo mgongoni zilichakaa kuliko tumboni, mgongo unaweza kuupausha zaidi bila kuogopa mtu.

Mhariri, mmeahidi sehemu ya pili. Naomba hizo namba nne mziweke, na ndege za hao vijana mkazipige picha nje mchana, maana zile za Jumamosi zilipigwa chini ya taa ya njano na kijani zote zimetoka kahawia.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam