Barua ya Wazi kwa Mawakili Vijana wa Haki za Binadamu

Wanangu,

Nilikuwa nimekusudia kustaafu kimya kimya, lakini mwezi uliopita nilishuhudia ombi la familia zilizofurushwa kwenye ardhi yao likitupiliwa mbali kwa sababu hati ya kiapo haikuwa imeapwa mbele ya kamishna wa viapo, ilhali wakili wao alishinda asubuhi nzima kwenye ngazi za mahakama akihutubia kamera. Wateja walirudi kulala nje, naye akarudi mitandaoni kulaani ubaguzi.

Mnapenda sana kumtaja Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi aliyepigania haki za watu weusi mahakamani, basi mjueni. Katika miaka ya 1930 yeye na mwalimu wake wa Chuo Kikuu cha Howard, Charles Hamilton Houston, walizunguka majimbo ya kusini mwa Marekani kwa gari la Houston wakikagua shule za watoto weusi, na Houston akapiga filamu za shule hizo, kwa kuwa kibanda kibovu kikishaonekana hakina wakili wa kukikanusha. Ushahidi wa namna hiyo ulitumika pia katika kesi ya wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, ambako mtoto mweupe alitengewa dola 179 kwa mwaka na mweusi dola 43. Kesi hiyo iliunganishwa na ile ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaharamisha ubaguzi katika shule za umma. Houston hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1950. Nani kati yenu amewahi hata kulala kijijini kwa mteja wake?

Mengine nayataja tu: msimwahidi mteja ushindi, zisomeni hukumu mlizoshindwa, na walipeni makarani wenu kwa wakati.

Nasi jamii tuna lawama yetu, maana harusi tunaichangia upesi, lakini mnyonge akihitaji ada ya mahakama tunamwambia amwachie Mungu.

Mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, Marshall alikwenda kwenye mkutano wa katiba ya Kenya huko Lancaster House, London, kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, akaandika rasimu ya haki za msingi iliyolinda pia mali za walio wachache, Wazungu na Wahindi wakiwemo, ingawa kwao Marekani yeye mwenyewe alikuwa bado anabaguliwa kwa rangi yake. Nawaona baadhi yenu mkirudisha jalada mara tu mkisoma jina la ukoo la mteja. Mkiendelea hivyo, Marshall mwacheni apumzike.