Tiba ya selimundu hairekebishi jeni la selimundu

Mhariri,

Magazeti kadhaa yameandika kwamba tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, inarekebisha jeni lenye kasoro. Sivyo. Jeni la beta-globini, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni katika damu, linabaki na herufi yake moja ya DNA iliyokosewa. Kinachoguswa ni swichi.

Polimerasi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni, haijui yenyewe ianzie wapi. Ziko protini zinazoshika herufi maalumu za DNA, ama kuiita ama kuizuia. Mtoto akiwa tumboni, jeni za gama-globini, inayofanya kazi ya beta-globini kabla ya kuzaliwa, hunakiliwa kwa wingi. Akishazaliwa, protini iitwayo BCL11A hushika herufi TGACCA, takriban herufi 115 kabla ya mahali pa kuanzia kunakili, na gama-globini hufifia. Ndiyo maana kichanga mwenye selimundu huonekana mzima, kisha karibu na mwezi wa sita vidole huanza kuvimba.

BCL11A nayo ina kiwashio chake ndani ya seli zinazozaa chembe nyekundu. Protini GATA1 ndiyo inayokishika. Tiba hukata hapo tu, BCL11A hupungua katika seli hizo, na gama-globini isiyo na kasoro hurudi kunakiliwa. Kulivunja jeni zima la BCL11A kungedhuru seli za kinga, ambazo nazo hulitegemea.

Wazazi waelezwe pia gharama ya mwili: seli za mgonjwa hutolewa na kukatwa DNA nje ya mwili, na kabla hazijarudishwa, uboho wa zamani huuawa kwa dawa ya busulfan, inayoweza kuleta ugumba. Na aliyepona, akizaa, bado atarithisha jeni lilelile. Mchumba wake apimwe.

Msomaji wako,
Dar es Salaam