Mabibi wenzangu, tuiachie tarehe 25

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mabibi na mababu wenzangu kabla Desemba haijatukuta. Vijana wakipenda wasome, lakini barua hii si yao. Wao wameshachoka na nasaha.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nina watoto watatu, wote wana ndoa zao, na wajukuu watano. Mkubwa ana miaka minane. Mdogo, Krismasi ikifika, atakuwa na miezi miwili. Maana yake ni kwamba nina wakwe wenzangu nyumba tatu, na katika kila nyumba yupo bibi mwingine anayeshika simu mwezi Novemba kama ninavyoishika mimi. Hapo sijahesabu mashangazi, wajomba, mama wadogo, na yule baba mkubwa ambaye asipotembelewa hununa hadi Pasaka. Wote wanauliza lile lile: "Mwaka huu mnaanzia wapi?" Hilo halijawahi kuwa swali. Jibu lolote utakalotoa lina mtu wa kukasirika.

Basi wazazi wa watoto hufanya nini? Wanajigawa. Wakitoka kanisani wanaelekea kwa wazazi wa mume, saa nane wawe kwa wazazi wa mke, saa kumi na moja kwa shangazi kwa kuwa mwaka uliotangulia alirukwa, na usiku wapitie kwa mjomba "japo dakika tano". Hakuna mjomba wa dakika tano. Binti yangu aliwahi kunyonyeshea mtoto chumbani kwa watu, mlango umeegeshwa, huku simu ikiita mapajani: mmefika wapi, mbona hamfiki, tunawangoja. Na sebuleni nako wanaulizana mbona mama mtu amejifungia.

Mjukuu wangu wa miaka miwili na nusu kila siku hulala saa saba mchana. Siku ya Krismasi saa saba inamkuta garini. Anasinzia robo saa, gari linasimama, anatikiswa aamke amsalimie babu. Anaamka analia. Anakataa mkono, anaficha uso begani kwa mama yake. Ndipo watu wazima, wenye akili zetu timamu, tunatoa hukumu: "Huyu mmemdekeza."

Hajadekezwa, amenyimwa usingizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 katika saa 24, usingizi wa mchana ukiwamo. Wa miaka mitatu hadi minne, saa 10 hadi 13. Mchanga wa chini ya miezi mitatu, saa 14 hadi 17. Nimeisoma miongozo hiyo na sikuona kifungu cha sikukuu.

Na hata akilala vizuri, bado lipo jambo la nyuso. Kuanzia miezi minane hivi hadi kukaribia miaka miwili, mtoto huwaogopa watu asiowazoea. Kliniki tulikuwa tunawaambia mama wafurahi wakiliona hilo, kwa sababu maana yake mtoto ameshajua nani ni wake. Wewe bibi unayeonana naye mara mbili kwa mwaka, hata kama pua yake umeirithisha wewe, kwake ni mtu baki. Ukimnyakua mlangoni mbele ya umati wa watu wanaocheka, unamthibitishia hofu yake. Mimi siku hizi mjukuu akiingia simkimbilii. Nasalimiana na mama yake, nakaa chini sakafuni, namwaga vitu vya pochi yangu na kuanza kuvipanga: funguo, kalamu, kitana, miwani ya zamani. Sijaona mtoto anayeweza kukaa mbali na pochi ya bibi iliyofunguliwa. Anakuja mwenyewe. (Dawa zangu za presha nimeshazitoa mapema na kuzifungia kabatini. Mikoba ya wageni wenye umri wetu hutupwa popote siku ya sikukuu, na ndani yake mna vidonge vinavyofanana na peremende. Kidonge kimoja cha presha au kisukari kinaweza kumpeleka mtoto hospitali.)

Sasa ombi langu. Wazee wenzangu, tuache kugombea tarehe 25.

Najua nitakachojibiwa: Krismasi ni siku moja. Si kweli, na wanaoijua kalenda ya kanisa wanajua hivyo. Tarehe 25 Desemba ndiyo sikukuu inapoanza. Hufuata siku 12 hadi Epifania, sikukuu ya Mamajusi kumfikia mtoto Yesu, tarehe 6 Januari. Ndani yake mna Mtakatifu Stefano tarehe 26, mna Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode, tarehe 28, mna mwaka mpya. Ndugu zetu wa Ethiopia, Wakopti wa Misri, Waothodoksi wa Urusi na Serbia, wao husherehekea tarehe 7 Januari, na hatujawahi kusikia kwamba Bwana hakuzaliwa kwao. Injili yenyewe haitaji tarehe. Kumbukumbu ya zamani kabisa tuliyo nayo ya kuadhimisha tarehe 25 inatoka Roma, nayo inahusu mwaka 336. Vizazi na vizazi vya Wakristo vilikuwa vimeshapita.

Na tukitaka kufuata Maandiko katika habari ya kutembeleana, tuyafuate basi. Mariamu alipokwenda kwa Elisabeti, jamaa yake, alikaa naye yapata miezi mitatu. Luka hasemi kwamba alipitia dakika tano. Wachungaji walifika usiku, wakamkuta mtoto amelala horini. Hakuna palipoandikwa kwamba walimnyanyua wakapokezana, huyu ampige picha, yule amtazame amefanana na nani. Mamajusi nao walichelewa. Mathayo anasema walimkuta mtoto nyumbani, na Herode alipopiga hesabu ya muda aliousikia kwao, aliwalenga watoto wa miaka miwili na chini yake. Walichelewa kiasi hicho, na zawadi zao bado zinahubiriwa leo. Kwa hiyo mwanao akija kwako tarehe 29, hajachelewa.

Kwetu tumelifanya hivi. Mimi na mzee tuliwaita watoto wote watatu tukawaambia tarehe 25 si yetu. Mlale kwenu, watoto waamke kwenu, mkienda kwa wakwe nendeni nyumba moja na mkae mpaka mtakapochoka nyinyi. Sisi tumechukua tarehe 28, na sikuichagua ovyo; siku ambayo kanisa linawakumbuka watoto inatufaa sisi tunaotaka kuwa na watoto. Wifi yangu aliposikia alinipigia simu kwa sauti ya msibani. "Kwa hiyo umewafukuza wajukuu sikukuu?" Nikamwambia sijafukuza mtu, nimewahamisha siku. Akasema watu watasemaje. Nikamuuliza ni watu gani, akanitajia yeye na dada yake.

Sitawadanganya kwamba tarehe 25 yenyewe haikuwa na upweke. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Mzee alizunguka uani kutafuta kitu cha kutengeneza, akakosa, akatengua tenga la kuku lililokuwa zima. Mchana wajukuu walitupigia simu ya video, tukaona zaidi dari na tundu la pua la yule wa miaka mitano, kisha ikakatika. Lakini tarehe 28 walikuja asubuhi watoto wakiwa wamelala usiku kucha. Hawakuwa na pengine pa kwenda. Saa saba yule wa miaka miwili na nusu alilazwa chumbani kwangu, na mama yake naye akalala pembeni yake akakoroma, jambo ambalo sijaliona siku ya sikukuu tangu aolewe. Wakubwa wawili walimsaidia babu yao kulisuka tena tenga. Jioni, watoto waliokataa kunisalimia kwa miaka walikataa kuondoka.

Hilo la ratiba nimelimaliza. La mtoto mchanga nitalisema kwa sauti ya kazini, mnisamehe.

Mtoto wa miezi miwili hana deni la kutembelea mtu. Anayetaka kumwona aende yeye, akae kidogo, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Mwenye mafua au kikohozi abaki kwake, hata kama ni bibi mzaa baba. Kuna virusi viitwavyo RSV ambavyo kwa mtu mzima ni kamasi za siku chache, lakini kwa mchanga huziba vijia vidogo vya hewa mapafuni hadi ashindwe kunyonya. Tusimbusu usoni wala mikononi, maana mikono yake huishia mdomoni. Vile vidonda vya mdomoni tunavyoviita vya homa hutokana na virusi vya hepesi, na mtoto wa siku chache akivipata anaweza kufa. Chini ya miezi mitatu, joto likifika nyuzi 38 ni hospitali saa hiyo hiyo, sikukuu au si sikukuu. Asisubiriwe mgeni wa mwisho aondoke. Na akisinzia katikati ya sherehe, asilazwe kwenye kile kitanda ambacho wageni wamerundika mikoba na makoti. Alazwe chali, mahali palipo tambarare na pagumu kidogo, pasipo mito wala nguo za kumfunika uso. Garini awe kwenye kiti chake. Mikono ya mama, kwa upendo wote iliyo nao, haiwezi kumzuia gari likigonga.

Mama wa mtoto akisema "naomba usimbusu", mabibi wenzangu, tusiulize amesoma wapi. Amesema kwa woga, tena mbele ya ukoo mzima ulionyamaza kumtazama. Tumsimamie. Neno la bibi mmoja, "mwacheni, mama yake amesema", linafanya kazi kuliko mabango yote ya kliniki.

Zawadi nitazipitia haraka, kwa sababu nikianza sitamaliza. Wajukuu watano mara ndugu wote hao ni mlima wa vitu, na mtoto wa miaka mitatu mbele ya mlima hafurahi, anachanganyikiwa. Akishapata cha tatu anaanza kuvirusha. Mashangazi wachange wanunue kimoja. Kabla ya kununua, wangalie umri ulioandikwa kwenye boksi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopenya kwenye kile kibomba cha karatasi ngumu katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Maputo yasiyojazwa na vipande vya yaliyopasuka viokotwe mara moja. Kubwa kuliko yote ni zile betri bapa kama kitufe, zilizomo kwenye taa za mapambo, kadi zinazoimba na wanasesere wanaoongea. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio, yaani njia ya chakula, ndani ya saa mbili. Kifuniko cha mahali pa betri kiwe cha kufungwa kwa skrubu. Kama hakina, kitu chenyewe kirudi dukani.

Watasema wengine kwamba bibi huyu anataka kuua undugu. Kwamba zamani tulikusanyika wote siku moja, watoto tukalala popote, na tukakua. Tulikua, ndiyo. Ila nyumba zetu zilikuwa karibu, tukatembea kwa miguu, na tulioona haya tulijificha nyuma ya binamu tuliocheza nao kila siku. Watoto wa leo wanaletwa kutoka mbali, mara mbili kwa mwaka, kwa watu waliowaona kwenye simu. Undugu wao hautajengwa kwa kupitishwa mlango hadi mlango. Wanahitaji mchana mmoja mrefu usio na haraka kwa bibi mmoja, na mwingine kwa bibi mwingine, na siku 12 zinatutosha sote.

Wanaolea wajukuu kwa zamu kwa sababu baba na mama wameachana, hili linawahusu kuliko sisi. Mtoto anayegawanywa saa sita mchana siku ya Krismasi, nusu huku nusu kule, huikumbuka ile safari ya katikati. Mmoja akubali kuchukua siku nyingine, aifanye kubwa kweli kweli. Mwenye umri wa kukubali kwanza ni mzee.

Simu hiyo ipigwe Novemba, si tarehe 24 usiku. Ipigwe na wazee, maana wazazi wa watoto hawathubutu. Na kwa wakwe wenzangu ambao najua wanalisoma gazeti hili: tarehe 25 mgawane nyinyi. Ya 28 nimeshaishika. Ya 26 iko wazi, ya mwaka mpya nayo iko wazi, na anayeitaka Epifania aseme mapema, kwa sababu wifi yangu ameanza kuiulizia.

Mkunga mstaafu, bibi wa watano